Mdomo wa Sungura: Operesheni Ni Fupi, Njia Ndiyo Ndefu

Kushona mdomo wa mtoto uliopasuka tangu kuzaliwa ni kazi ya kama dakika 45 hadi saa moja kwa daktari aliyeizoea. Ni muda mfupi kuliko lekcha ya saa nane mchana, ile ambayo nusu ya darasa tunasinzia. Baada ya hapo kidonda kinapona, na mtoto anakua bila kuziba uso kwa kiganja kila mgeni anapoingia nyumbani. Sasa swali: kama ni kazi ya saa moja, kwa nini bado kuna watu wazima, wenye watoto wao kabisa, ambao midomo yao haijawahi kuguswa na daktari?

Wengi tukiulizwa tunajibu haraka: madaktari ni wachache na hela hakuna. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni njia. Kuna njia ya kutoka kitanda cha kujifungulia hadi chumba cha upasuaji, na kuna njia ya kutoka chumba cha upasuaji hadi dawati la darasani. Mtoto anaweza kupotea popote katika njia hizo mbili. Na sisi tunaosomea ualimu tumesimama kwenye njia ya pili, tupende tusipende.

Tunazungumzia nini hasa

Mtaani tunauita mdomo wa sungura. Jina limezoeleka, ndiyo maana nimeliweka juu ili kila mtu ajue ninachozungumzia, ila si jina la kumwitia mtu. Hospitalini wanasema mpasuko wa mdomo na kaakaa. Kaakaa ni ile dari ya kinywa, gumu kwa mbele na laini kwa nyuma.

Uso wa mtoto tumboni hujengwa kwa vipande vinavyokua kutoka pande mbili na kukutana katikati. Mdomo huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, na kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Vipande visipokutana, panabaki mpasuko. Unaweza kuwa wa mdomo peke yake, wa kaakaa peke yake, au vyote viwili. Upande mmoja au pande zote. Hebu ziangalie hizo wiki vizuri. Huo ni wakati ambao wanawake wengi ndio kwanza wanajiuliza kama wana mimba au la.

Takwimu hutofautiana kwa nchi na kwa namna ya kuhesabu, lakini kwa dunia nzima hutajwa mtoto 1 kati ya 700 mpaka 1 kati ya 1,500. Chanzo huwa ni mchanganyiko wa urithi na mazingira. Uvutaji sigara, kisukari ambacho mama alikuwa nacho kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa huongeza uwezekano. Mara nyingi, kwa familia moja moja, sababu haijulikani kabisa.

Kinachojulikana ni kile ambacho si sababu. Si kwamba mama alimcheka mtu mwenye ulemavu. Si kupatwa kwa mwezi, si uchawi, si ugoni. Tunaweza kuyachukulia haya kama hadithi za bibi tu, lakini yana madhara ya kweli: mama anayelaumiwa na ukoo humficha mtoto ndani, na mtoto aliyefichwa hapimwi uzito wala hapewi rufaa.

Pale "baba" inapogeuka "mama"

Fanya jaribio dogo hapo ulipo, hata kama uko kwenye foleni ya kantini. Bana pua kwa vidole viwili, useme "mama". Utasikia inakaribia kuwa "baba". Sababu ni kwamba sauti ya *m* inahitaji hewa ipite puani, na ya *b* inahitaji njia ya pua ifungwe kabisa. Anayeifunga njia hiyo ni kaakaa laini, likiinuka kama mlango.

Mtoto mwenye kaakaa lililopasuka hana mlango huo. Kwake mambo ni kinyume cha jaribio lako: hewa inavuja puani muda wote. "Baba" inatoka kama "mama". "Dada" inatoka kama "nana". Sauti za *p*, *k* na *s* zinakuwa hafifu, au anazitafutia njia nyingine kwa kukaba koo.

Mpeleke sasa mtoto huyo darasa la kwanza, ambako kazi kubwa ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu anaandika ubaoni *ba, be, bi, bo, bu*, darasa linaitikia kwa pamoja, halafu anaitwa mmoja mmoja. Yule mtoto herufi anaijua, kichwani iko sawa, ila mdomoni inatoka nyingine. Darasa linacheka. Mwalimu asiyejua kinachotokea anaandika kwenye daftari lake: hajui kusoma.

Kuna na jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija mdogo unaounganisha koo na sikio la kati. Kaakaa likiwa limepasuka, mrija haufunguki vizuri, majimaji yanajaa nyuma ya ngoma ya sikio, na usikivu unashuka. Kwa hiyo mtoto hasikiki vizuri na yeye mwenyewe hasikii vizuri, halafu tunamkalisha dawati la nyuma kwa sababu "haongei".

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha mwaka jana, kidato cha kwanza, kulikuwa na mvulana aliyeandika insha nzuri kuliko wenzake wengi lakini hakuwahi kunyoosha mkono. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa, kovu linaonekana kwa mbali. Kaakaa, alinieleza kwa kuandika kwenye kipande cha karatasi, lilishonwa akiwa na miaka tisa. Kwa mtu wa nje, huyo ameshatibiwa, jina lake liko kwenye orodha ya waliofanikiwa. Lakini alikuwa amepanga maisha yake yote ili asilazimike kusema.

Hapo ndipo umri unapoingia. Mdomo kwa kawaida hushonwa ndani ya mwaka wa kwanza, mara nyingi kuanzia miezi 3. Kaakaa linashauriwa lifungwe kabla ya miezi 18, kwa sababu huo ndio wakati mtoto anajenga maneno yake ya mwanzo. Ukilifunga akiwa na miaka tisa, tundu linazibika, lakini mazoea ya kuongelea kooni yanabaki. Kuyaondoa kunahitaji mtaalamu wa matamshi, na wataalamu hao ni wachache mno ukanda wetu. Makerere, Uganda, ilianza kuwafundisha kwa ngazi ya shahada mwaka 2008 tu.

Wasiofika kabisa

Mwaka 2012 madaktari wawili waliokuwa wakifanya upasuaji huu Uganda walichapisha mapitio ya wagonjwa wao. Kilichowashtua hakikuwa wagonjwa waliowaona, bali wasiowaona. Watoto wenye mpasuko wa kaakaa walikuwa wachache kuliko inavyotarajiwa ukilinganisha na nchi nyingine. Wakauliza kwenye kichwa cha makala yao: makaakaa yote yamekwenda wapi? Maelezo waliyoyaona yana uzito ni haya: wengi walikuwa wamefariki wakiwa wachanga, kwa kushindwa kula.

Kichanga hunyonya kwa kufunga kinywa na kuvuta. Penye tundu juu ya kinywa hakuna mvuto, maziwa yanarudi puani, mtoto anachoka kabla hajashiba. Anapungua uzito, anapata nimonia, na kwenye daftari la zahanati inaandikwa nimonia au utapiamlo. Neno mpasuko halionekani popote.

Dawa ya hatua hii si ghali. Mama anakamua maziwa yake, anamlisha mtoto kwa kikombe kidogo au kijiko, akiwa amekaa wima, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na uzito unapimwa kila wiki. Kinachohitajika ni mkunga au nesi anayelijua hilo siku ileile ya kujifungua, na ambaye atamwambia mama maneno mawili kabla hajaondoka: hukukosea kitu, na hili linatibika.

Tena kumlisha mtoto ndiko kunakomfikisha kwenye operesheni. Kuna kanuni ya zamani ambayo madaktari bado huitumia kama kipimo: mtoto awe na wiki 10, uzito wa ratili 10, yaani kama kilo 4.5, na kiwango cha damu kisichopungua gramu 10. Asipokula hafikishi kilo, na asipofikisha kilo anarudishwa nyumbani. Kwa hiyo nesi mwenye kikombe anaanza kazi kabla ya daktari mwenye sindano.

Si anasa hata kidogo

Kwa miaka mingi upasuaji ulionekana kama starehe ya nchi tajiri. Nchi maskini, ilisemwa, zianze na chanjo na vyandarua. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti za gharama na kuuliza: ni dola ngapi zinahitajika kumrudishia mtu mwaka mmoja wa maisha yenye afya? Kwa upasuaji wa mpasuko wa mdomo na kaakaa, jibu la katikati lilikuwa kama dola 48. Kwa chanjo ya kifua kikuu, BCG, tafiti zilitoa kati ya dola 52 na 220. Hakuna anayesema tuache chanjo. Hoja ni kwamba operesheni hii inaweza kukaa nayo meza moja.

Mwaka uliofuata, 2015, Kamisheni ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilitoa picha kubwa zaidi. Watu bilioni 5 hawafikiwi na upasuaji ulio salama na wanaoumudu. Theluthi maskini zaidi ya dunia hupata asilimia 6 tu ya operesheni zote. Lakini namba iliyonikaa kichwani ni nyingine: kila mwaka watu milioni 33 huingia kwenye umaskini mkubwa wa gharama kwa kulipia upasuaji wenyewe, na wengine milioni 48 kwa gharama zisizo za matibabu, kama nauli na chakula. Yaani njia inafilisi watu wengi kuliko chumba cha upasuaji.

Ndege inayokuja na kuondoka

Historia ya kupeleka upasuaji huu kwa maskini ina sura mbili. Ya kwanza ni ya wageni. Hapa kwetu ina mizizi ya karibu sana: AMREF, ambayo wengi tunaijua kwa jina la madaktari wanaoruka, ilianza mwaka 1957 kutokana na wazo la madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliokutana chini ya Kilimanjaro. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. Waliona watu wamekaa na majeraha ya moto na mipasuko kwa miaka, mbali na hospitali, na ndege ndogo ikaonekana kuwa ndiyo njia.

Mwaka 1982 Bill Magee na mkewe Kathy, Wamarekani, walikwenda na timu yao Naga City, Ufilipino. Familia karibu 300 zilijitokeza. Waliotibiwa ni kama 40. Waliobaki walirudi nyumbani na watoto wao vilevile walivyokuja. Tukio hilo ndilo lililozaa Operation Smile.

Misafara ya namna hiyo imesaidia watu wengi, na si haki kuibeza. Ila ina kasoro ya asili: inakuja kwa kalenda yake, si kwa kalenda ya mtoto. Mtoto anazaliwa Machi, timu inakuja Novemba, siku hiyo ana homa, anaambiwa asubiri mwakani. Mdomo ukishonwa, kaakaa linahitaji safari nyingine. Nyuzi zikiachia wiki ya pili, aliyezishona yuko bara jingine.

Sura ya pili ni ya kujenga uwezo wa mahali. Mwaka 1999 lilianzishwa Marekani shirika la Smile Train, lililochagua kutopeleka madaktari bali kuwafundisha na kuwalipia walioko nchini, ndani ya hospitali zao, mwaka mzima. Tangu hapo limegharamia operesheni zaidi ya milioni 1.5. Mwaka huohuo wa 1999 kilianzishwa Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha. Hakina kampasi kama yetu. Daktari anafunzwa ubingwa akiwa kazini kwenye hospitali iliyothibitishwa, na mtihani ni mmoja kwa nchi zote wanachama. Leo hii upasuaji wa mpasuko unafanywa na Watanzania, Muhimbili, CCBRT na Bugando Mwanza, bila kusubiri ndege yoyote.

Tanzania pia ilikuwa kati ya nchi za mwanzo Afrika kuandika mpango wa kitaifa wa upasuaji, huduma za uzazi na usingizi, wa mwaka 2018 hadi 2025. Hiyo ni hatua. Mpango unaifanya serikali iulizwe maswali, badala ya kila kitu kuachiwa hisani ya wafadhili.

Usingizi na nauli

Wakipatikana wapasuaji, bado kuna vikwazo viwili ambavyo havipigwi picha.

Cha kwanza ni dawa ya usingizi. Kumlaza mtoto wa kilo 5 si mchezo. Koo lake ni jembamba, na daktari wa upasuaji anafanya kazi mlemle kinywani ambamo mpira wa kupumulia umepita. Ukisogea kidogo tu, mtoto anakosa hewa ndani ya muda mfupi. Kunahitajika mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, oksijeni isiyokatika, na kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi linapendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Nchi nyingi za Afrika hazifikishi hata mmoja. Kwa hiyo ukisikia hospitali imepata mpasuaji mpya, uliza na hili: nani atamlaza mtoto?

Cha pili ni nauli. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata operesheni ikiwa ya bure, mama anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kubaki na watoto wengine na shamba. Sisi wenye bumu tunajua namna linavyokatika wiki ya pili. Fikiria mtu asiye na bumu.

CCBRT walilitafutia dawa tatizo hili kwa wagonjwa wa fistula kuanzia mwaka 2009. Wahamasishaji wa vijijini walimtambua mgonjwa, nauli ikatumwa kwa M-Pesa, wao wakamkatia tiketi, na alipofika hospitali wakalipwa kiasi kidogo kwa kazi hiyo. Halikujengwa jengo wala hakikununuliwa kifaa. Kiliunganishwa tu kiungo kilichokatika kati ya mgonjwa na stendi ya basi. Njia hiyohiyo inamfaa mama wa mtoto mwenye mpasuko.

Kutambua ndiyo kazi ya kwanza, maana asiyejua kuna tiba hawezi kuitafuta. Filamu fupi ya *Smile Pinki*, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2009, inamwonyesha mfanyakazi wa jamii nchini India akipita kijiji kwa kijiji kuwaeleza wazazi kwamba tatizo hili linatibika na kwamba hawatadaiwa kitu. Bila huyo mtembea kwa miguu, daktari wa mjini angebaki na chumba kizuri kisicho na mgonjwa.

Kazi yetu ni ipi

Tumezoea kufikiri kwamba afya ni ya wenzetu wa Muhimbili, sisi ni wa chaki. Lakini shule ndiyo taasisi ya serikali iliyo karibu na watu wengi kuliko hospitali ya rufaa. Mtoto aliyekosa kuonekana zahanati ataonekana siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, au ataonekana mdogo wake mgongoni mwa mama siku ya kikao cha wazazi. Mwalimu akijua, yeye ndiye yule mtembea kwa miguu.

Ukipangiwa kituo, mambo haya unaweza kuyafanya bila bajeti. Jua hospitali ya karibu inayofanya upasuaji huu, na uwe na namba ya mtu wa ustawi wa jamii wa hapo. Ukimwona mtoto mwenye mpasuko, zungumza na mzazi pembeni, kwa heshima, na uanze kwa kumwambia linatibika. Aliyeshonwa tayari mkalishe mbele, upande anaosikia vizuri, na uombe apimwe masikio. Usimpime kusoma kwa sauti peke yake. Mpe kadi za silabi azipange, aandike, aoneshe kwa kidole. Na jina la utani darasani likomeshe siku ya kwanza, kwa sababu la siku ya kwanza ndilo linalodumu mpaka kidato cha nne.

Kwa wale wa serikali ya wanafunzi: kila mwaka tunapewa semina elekezi kabla ya kwenda kufundisha, kuhusu mavazi, maazimio ya kazi na andalio la somo. Tuombe saa moja iongezwe. Aje nesi au daktari wa usingizi, atueleze mpasuko, masikio na rufaa. Ni saa moja tu, kama ile ya operesheni yenyewe, na kuna shule nyingi ambazo mtu wa kwanza kujua kwamba jambo hili linatibika atakuwa mwalimu mgeni aliyeshuka na begi lake kutoka chuo.